Nyota Zilizosalia Juu ya Mji



Twaanza ukurasa wetu wa mwezi huu kwa kisa kidogo kilichotokea nyumbani kwetu, kwani ndicho kilichotutia kalamu mkononi. Ami yetu, mkubwa wa marehemu baba, alikuja kutoka Pangani kukaa nasi hapa Dar es Salaam kwa ajili ya matibabu ya miguu. Ujanani mwake alikuwa mwanamaji wa majahazi, na hata leo, mtu akimuuliza upande wa kibla mahali asipopajua, yeye hutazama juu kwanza kabla ya kujibu. Usiku mmoja wa mwezi wa Januari, baada ya sala ya Isha, joto lilizidi vyumbani, tukapanda darini na mikeka. Mzee akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa, akamwelekeza kidole upande wa kaskazini, juu sana. Akasema, "Kile pale ndicho Kilimia. Hebu hesabu, mjukuu wangu. Ni nyota saba."

Mtoto akatazama. Akahesabu, akarudia. Akasema, "Babu, mbona ni tatu?"

Mzee akasema, "Ni saba. Marehemu baba alinihesabia nikiwa mdogo kuliko wewe."

Mtoto akanyamaza kwa adabu. Lakini tulipokuwa tukishuka ngazi tulimsikia akimnong'oneza dada yake kwamba macho ya babu yamekwisha, naye anasema asiyoyaona.

Neno hilo lilitukera usiku kucha, kwa sababu yule mtoto hakusema uongo, wala babu yake hakusema uongo. Mtoto alihesabu alichokiona. Babu alisimulia alichokiona yeye zamani, juu ya bahari, mahali pasipokuwa na taa hata moja. Kati ya wawili hao kumeingia mwanga wa mji, na huo mwanga umemfanya mzee mkweli aonekane mbele ya mjukuu wake kuwa mtu asiyejua asemalo. Twadhani jambo hili linatokea katika nyumba nyingi kuliko zile zinazolijua.

Basi na tulieleze. Taa za barabarani, za maduka, za viwanja na za majumba hutupa sehemu ya mwanga wake juu, na mwanga huo ukikutana na vumbi, moshi na unyevu wa hewa ya pwani, hutawanyika na kurudi chini. Mbingu yote huwa kama pazia la rangi ya kijivu au ya machungwa. Nyota hazikwenda popote. Zipo nyuma ya pazia, na zile dhaifu haziwezi kulipenya. Taa mpya nyeupe zinazoelekea rangi ya buluu huzidisha jambo hili, kwani mwanga wa buluu hutawanyika hewani kuliko ule wa manjano wa taa za zamani. Mwaka 2016 wanachuoni walichora ramani ya dunia nzima ya mwanga huu, wakaona kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 wanaishi chini ya mbingu iliyochafuliwa, na kwamba mtu mmoja katika kila watatu hawezi tena kuiona Njia Nyeupe kutoka nyumbani kwake. Mwaka 2023 wengine wakatoa hesabu iliyokusanywa kwa macho matupu ya watu wa kawaida, mara zaidi ya 50,000, tangu mwaka 2011 hadi 2022, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani. Walikuta mwanga wa mbingu ukizidi kwa karibu sehemu 10 katika kila 100 kwa mwaka. Kwa mfano wao, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akitimiza miaka 18 hataona ila 100.

Hiyo ndiyo hasara. Ama yaliyobaki ni mengi kuliko adhaniavyo kijana wa mjini, na ufunguo wake ni chombo kidogo: darubini ya macho mawili, ile itundikwayo shingoni, ambayo manahodha na walinzi wa wanyama huichukua. Hatusemi ile ndefu ya jicho moja isimamayo juu ya miguu mitatu. Mzazi mmoja wa Mombasa ametuuliza kama yafaa amnunulie kijana wake hiyo ndefu, naye yuko tayari kukopa. Tunamjibu hapa hapa: asikope. Ile ndefu ya bei rahisi hutikisika, huonyesha pembe ndogo tu ya mbingu, na mtoto hutumia usiku mzima akitafuta kitu asichokipata, kisha chombo huishia juu ya kabati. Darubini ya macho mawili huelekezwa kama mtu aelekezavyo uso wake, na hata shauku ikiisha, chombo kitafaa kwa ndege, kwa majahazi na kwa mpira wa miguu.

Kwenye kila darubini ya namna hiyo pameandikwa namba mbili, mathalan 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu husogezwa karibu, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiigawanya ya pili kwa ya kwanza wapata upana wa mwanga utokao nyuma kuingia jichoni. Hapa ni milimita 5. Mboni ya kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 hivi, na ya mtu mzima hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo 7x50, ambayo mabaharia huipenda kwa kuwa haitikisiki sana, ni nzuri baharini. Lakini kwa mji tunaipendelea 10x50, na sababu yake twaieleza, kwani ndiyo kiini cha habari yote.

Nyota, hata ukiikuza mara kumi, hubaki nukta. Mwanga wote uliokusanywa na kioo cha milimita 50, ambao ni mara 50 hivi ya ule unaoingia katika jicho tupu, unamiminwa katika nukta ile ile. Ama pazia la mwanga wa mji si nukta; limetanda. Darubini haiwezi kulifanya ling'ae zaidi ya lilivyo. Kwa kawaida hulififiza, na kadiri ikuzavyo ndivyo ifififizavyo. Basi nyota huzidi na pazia hupungua, na zile zilizozama nyuma yake huibuka moja baada ya moja. Lakini vile vitu vya mbali vilivyo kama ukungu, yaani mawingu ya gesi na zile jamii kubwa za nyota ziitwazo galaksi, navyo vimetanda kama pazia lenyewe, kwa hiyo havipati faida ile ile. Hapo ndipo penye siri ya kutazama mbingu ya mjini: vitafute vishada vya nyota kwanza, na mawingu yenye nguvu, na galaksi uziache kwa siku utakapokwenda shamba.

Turudi kwa mtoto wetu. Tulikuwa na darubini nyumbani, na hapa yatupasa kukiri upumbavu wetu. Miaka kadhaa nyuma tulinunua dukani darubini iliyoandikwa kwamba husogeza mara 60, yenye vioo vinavyong'aa wekundu kama kito. Muuzaji alitusifia, nasi tukamsadiki kwa kuwa namba ilikuwa kubwa. Haikuwahi kutuonyesha kitu ila wingu la utusitusi linalotetemeka, na mwezi uliokuwa miezi miwili kwa sababu vioo vyake havikulingana. Baadaye tukaipata 10x50 iliyotumika, ya mtu aliyekuwa akihama, kwa chini ya nusu ya bei ile, na hiyo ndiyo tunayoitumia hata leo. Anayenunua na aifanyie mitihani hii dukani: aishike mbali na uso akiielekeza penye mwanga, aangalie kama vile vijiduara viwili vya nuru nyuma ni duara kamili wala havikukatwa pembeni, kisha atazame waya wa umeme au ukingo wa paa la mbali, kama ni mmoja au ni wawili. Ukiwa ni wawili, airudishe kwa shukrani. Namba inayozidi 10 haishikiki kwa mikono mitupu, na ile inayojidai 50 au 100 ni ya kukimbiwa.

Hata 10 yataka kutulizwa. Lala chali juu ya mkeka, au keti kitini na kuegemeza viwiko juu ya mikono ya kiti, au egemea ukuta. Sisi tunatumia ufagio mrefu uliopinduliwa, darubini ikaegemezwa juu yake, nao unatosha. Kusawazisha ni hivi: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati hata nyota iwe nukta kwa jicho la kushoto, kisha funga la kushoto, zungusha kipete cha jicho la kulia peke yake. Baada ya hapo huna haja ya kugusa ila gurudumu la kati. Mwenye miwani ya kutazamia mbali aweza kuivua.

Jambo la pili ni macho yenyewe. Jicho la mwanadamu huhitaji kama dakika 20 hadi 30 gizani ndipo litimilize nguvu yake, na mwanga mmoja wa simu huiharibu kazi yote mara moja. Watoto na waambiwe mapema kwamba simu zibaki chini. Lakini mjini hata bila simu ipo taa ya jirani, na dawa yake tuliipata kwa mama watoto, aliyetutazama tukihangaika na viganja akatucheka, akaleta kanga. Jifunike kanga kichwani pamoja na darubini, nje pabaki vioo vya mbele tu. Tofauti yake ni kubwa mno, nasi hatuna haya kusema kwamba tumeketi juu ya dari la mtaa wa watu tumejitanda kanga usiku wa manane.

Na tatu, usikitazame kitu hafifu moja kwa moja. Tupa jicho pembeni yake kidogo, nacho kitatokeza, kwani sehemu ya jicho ionayo gizani haiko katikati.

Onyo moja hatulifupishi wala hatulichezei: mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana. Kuielekeza kwenye jua, japo kwa nukta moja, ni kulipofua jicho, na halina dawa.

Ama wakati, nyumba ya Kiislamu inao msaada ukutani. Kalenda yetu yafuata mwezi, na mwezi ukiwa mpevu huizima mbingu. Basi siku za kazi hii ni tangu tarehe 20 hivi, mwezi unapochelewa kuchomoza, hadi siku ya nne au ya tano baada ya kuandama, unapozama mapema. Na saa yake ni baada ya Isha: ule wekundu na weupe wa machweo tunaoungojea utoweke ndio huo huo wataalamu wa nyota wanaoungojea, nao husema giza limetimia jua likishuka nyuzi 18 chini ya upeo. Kadiri usiku unavyokwenda ndivyo maduka yanavyozima taa. Usiku baada ya mvua kubwa ni ghanima, kwani vumbi limeoshwa. Na umeme ukikatika, kila mtu akitafuta mshumaa, wewe tafuta ngazi. Hatuombi umeme ukatike. Tunajua unavyowaumiza wagonjwa na wafanya biashara. Ndugu zetu wa Unguja, waliokaa miezi mitatu bila umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawatatusamehe tukisema vingine. Ila kilichokuwa juu yao katika miezi ile kilikuwa ni Kilimia na Jabari kwa ukamilifu wao, juu ya mji uliorudishiwa usiku.

Sasa, cha kutazama. Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurayya, ndicho cha kwanza, tangu Novemba hadi Machi. Ni kishada cha nyota zaidi ya elfu moja zilizozaliwa pamoja, na umbali wake ni kama miaka ya nuru 440. Mwaka wa nuru ni masafa inayokwenda nuru mwaka mzima kwa mbio za kilomita 300,000 kila sekunde. Maana yake ni kwamba nuru iingiayo jichoni mwako usiku huu ilitoka huko Wareno walipokuwa bado wanatawala pwani yetu, kabla ya kuanzwa kujengwa Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Jina la Kilimia ni la kulima, na wazee wetu walikitumia kupimia misimu: kinapotoweka magharibi jioni, mwezi wa Aprili na Mei, masika yamo, kinapozuka tena alfajiri ya Juni, mvua imekatika.

Usiku wa pili tulimweka mtoto juu ya mkeka, kanga kichwani, ufagio kifuani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti, akapita saba, akapita ishirini, akachanganyikiwa, akaanza tena. Babu yake alikuwa ameketi kitini na mkongojo, hasemi neno. Mtoto aliondoa kanga, akamwendea, akamwambia, "Babu, ni nyingi kuliko zako." Mzee akaitaka darubini naye. Macho yake yana ukungu wa uzee, nasi tulikuwa na shaka. Alitazama, akarekebisha gurudumu kwa vidole vyake mwenyewe kama aliyewahi kufanya hivyo kila siku, akasema, "Naam. Hizi ndizo." Hakusema zaidi, wala hatukumuuliza.

Kilichotufurahisha zaidi, kwa upande wetu, ni Jabari, nao ndio mfano bora wa bahati ya watu wa pwani hii. Chini ya zile nyota tatu za mshipi wake pana upanga, na katikati ya upanga pana wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa hadi leo. Wataalamu huliita Nebula ya Orion. Ulaya hulitazama likiwa chini kuliko sisi. Sisi lipo utosini. Kwa mtu wa Tanga au wa Pemba hupita karibu juu ya kichwa kabisa; kwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hukosa utosi kwa nyuzi moja au mbili tu. Na utosini ndipo mbingu ya mji ilipo nyeusi zaidi, kwani hapo hewa ni nyembamba na taa ziko mbali. Kwa hiyo hata katikati ya Kariakoo, mwezi wa Februari saa tatu usiku, kijana akilala chali ataliona: ukungu wa kijivu wenye umbo la bawa, na ndani yake nyota zilizosongamana. Asingojee zile rangi nyekundu na zambarau za picha. Rangi hizo hukusanywa na kamera kwa saa nyingi. Jicho huona kijivu. Vijana wengi huvunjika moyo kwa sababu hawakuambiwa hili. Umbali wake ni miaka ya nuru kama 1,340, yaani nuru hiyo iliondoka kwake katika karne ya kwanza ya Hijra, maswahaba wa mwisho wakiwa wangali hai.

Mashariki ya Jabari, katika buruji ya Saratani, kipo kishada kingine ambacho Waarabu wa kale walikihesabu katika manazili ya mwezi kwa jina la Nathra. Mjini macho matupu hayakioni kabisa, na kwa darubini kinamiminika kama nyuki. Machi na Aprili ndiyo miezi yake.

Mei na Juni tuelekee kusini. Zitafute nyota nne ambazo mabaharia wa Kizungu waliziita Msalaba wa Kusini, na mashariki yake zile mbili kubwa. Katika hizo mbili, anza na ile iliyo karibu zaidi na zile nne. Nenda kaskazini hadi nyota ya wastani, kisha endelea karibu kiasi kile kile. Utakuta nyota iliyovimba, isiyokubali kuwa nukta hata ukizungusha gurudumu vipi. Watu wa kale waliiandika kuwa nyota. Edmond Halley, akiwa kisiwani St Helena mwaka 1677, ndiye aliyeona kwamba sivyo. Leo twajua kwamba ni mpira wa nyota kama milioni 10, ulio miaka ya nuru 17,000 hivi kutoka kwetu, na jina lake ni Omega Centauri. London hauonekani kabisa, kwani hauchomozi kamwe. Darubini ya mkono haiwezi kuzitenganisha nyota zake. Lakini kujua ni kitu gani unachokitazama ni nusu ya kuona.

Julai hadi Septemba, upepo wa kusi ukiikausha hewa, ni zamu ya Akarabu. Kwenye mwiba wa mkia wake, upande wa mashariki, vipo vishada viwili, kikubwa na kidogo, vinavyoenea pamoja ndani ya darubini. Kile kikubwa kilitajwa na Ptolemy wa Iskandaria katika karne ya 2.

Tumebakiza kimoja ambacho kijana Mwislamu hapaswi kukikosa. Abd al-Rahman al-Sufi, aliyezaliwa Rayy mwaka 903 na kufariki mwaka 986, alikuwa mtazamaji wa nyota katika ufalme wa Adud al-Dawla. Kiasi cha mwaka 964 aliandika Kitabu cha Nyota Zisizotembea, akizipitia nyota moja moja, akisahihisha yaliyoandikwa na Wayunani. Hakuwa na kioo chochote. Darubini haikujulikana hadi mwaka 1608 huko Uholanzi. Katika kitabu hicho alilitaja wingu dogo, nalo ni galaksi ya Andromeda, iliyo miaka ya nuru milioni 2 na nusu mbali nasi. Na kutajwa huko ndiko kwa kwanza kujulikanako. Mjini Novemba twaiona upande wa kaskazini, tukiwa na bahati, kama doa la kidole kwenye kioo, na ni kiini chake tu. Lakini al-Sufi aliandika pia kikundi kingine ambacho mji haukuweza kutunyang'anya. Agosti hadi Oktoba, upande wa kaskazini, kati ya ile nyota kubwa aliyoiita Tai Arukaye na ile nyingine ya Tai Atuaye, utakuta nyota sita zimejipanga mstari mmoja na nne zimejikunja kama ndoana: umbo kamili la kiango cha kutundikia nguo. Wazungu wa kaskazini hukiona kimepinduka kichwa chini. Sisi tukielekea kaskazini twakiona kimesimama sawasawa, kama kilivyo kabatini. Zamani ilidhaniwa ni kishada cha kweli. Vipimo vya chombo cha angani kiitwacho Hipparcos, vilivyotangazwa mwaka 1997, vilionyesha kwamba nyota hizo ziko umbali mbalimbali, zimeonekana pamoja tu. Watoto wetu hukipenda kuliko vyote, twadhani kwa sababu hakihitaji kuelezwa.

Imebaki ile habari ya taa. Kwa muda mrefu tulikuwa tukiwalaumu wenye maduka, hata siku moja tulipotazama kutoka darini na kugundua kwamba taa kali kuliko zote mtaani ni zile nne za uwanja wa msikiti wetu, zilizoelekezwa juu kuumulika mnara. Zaidi ya nusu ya nuru yake haikuugusa mnara. Ilikwenda mbinguni moja kwa moja, na ankara yake ikilipwa kwa sadaka za waumini. Tulikwenda kwa wazee wa kamati. Mmoja alikasirika, akaona tunataka nyumba ya Mwenyezi Mungu ikae gizani. Tukamjibu kwamba hatutaki taa izimwe. Twataka ivae kofia, mwanga ushuke chini penye miguu ya watu wanaokuja Alfajiri, mahali wanapojikwaa sasa. Ami yetu alikuwa pamoja nasi, na alipoambiwa aseme, alisema tu kwamba yeye zamani alijua wakati wa Alfajiri kwa kuitazama mbingu ya mashariki, na kwamba tangu aje hapa hajaweza.

Kamati ikakubali kujaribu. Fundi alikata mabati, akafunika taa tatu na kuzielekeza chini, na muadhini ametuambia uwanja unaonekana vizuri zaidi kuliko kwanza. Ya nne, iliyo upande wa kaskazini, imeshika kutu kwenye skrubu zake, na ndiyo hasa inayokipiga Kilimia. Fundi amesema atarudi na mafuta baada ya Ijumaa.